Kiganja cha Mzee Umberto

(Maneno yaliyosemwa ukumbini baada ya kuonyeshwa filamu ya Umberto D., yakaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Wazee wangu, dada zangu na kaka zangu, asanteni kwa kubaki. Filamu isiyo na rangi, tena ya Kitaliano, tena ya mzee na mbwa wake, si kitu cha kumfanya mtu akose daladala la mwisho. Mwenyekiti amenipa nusu saa. Nitajitahidi nisiimalize yote.

Wako waliochelewa kwa foleni, basi niwadokezee kidogo. Tuko Roma, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Umberto Domenico Ferrari ni karani mstaafu wa serikali. Hana mke, hana mtoto, ana chumba cha kupanga na mbwa aitwaye Flike. Anadaiwa kodi, lira 15,000. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye kujikweza na marafiki zake waimba opera, hataki kulipwa kidogo kidogo: alipe zote au ahame. Na mzee akitoka tu, chumba chake kinakodishwa kwa saa kwa wapenzi wanaotafuta pa kujificha. Mzee anauza saa yake, anauza vitabu, anajilaza hospitali ili apumzike na gharama, anampoteza mbwa, anampata, anakikosa chumba, na mwisho anasimama kando ya reli. Hadithi ndiyo hiyo. Vittorio De Sica aliiongoza, Cesare Zavattini akaiandika, ikatoka mwaka 1952, na haifiki hata saa moja na nusu.

Mmeona inavyoanza. Barabara imejaa wazee wa makoti na kofia na tai, wanaandamana wakitaka pensheni iongezwe. Polisi wanakuja na magari, wanawaambia hawana kibali, wazee wanatawanyika huku wanahema. Nimesikia minong'ono humu ndani, na najua mliwakumbuka akina nani. Wazee wetu waliotumikia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977, nao walidai mafao yao kwa miaka na miaka, na Dar es Salaam imewaona barabarani. Lakini hao wana hotuba yao. Leo nibaki na huyu mmoja.

Nataka turudi kwenye tukio la sekunde chache. Mzee amekwishajaribu kila mlango. Rafiki wa zamani, mtu wa cheo, amekutana naye, na mara tu mazungumzo yalipoelekea kwenye shida, akakumbuka kwamba ana haraka. Sasa Umberto amesimama karibu na Pantheon, lile jengo la kale lenye nguzo kubwa. Anaunyoosha mkono. Anaurudisha. Anaunyoosha tena, kama mtoto anayejifunza kuandika herufi. Bwana mmoja anapita, anasimama, anaingiza mkono mfukoni kutafuta chochote. Na hapo hapo, kabla sarafu haijatua, mzee anakipindua kiganja, anatazama juu, kama mtu anayepima kama mvua imeanza kunyesha. Yule bwana anaondoka.

Mliocheka, msione haya. Mimi pia hucheka pale, kila mara, kisha kicheko kinanikwama.

Baada ya hapo anampa Flike kofia aishike mdomoni, mbwa asimame kwa miguu ya nyuma aombe, yeye mwenyewe ajifiche nyuma ya nguzo. Mara anatokea mtu anayemfahamu. Mzee anachomoka mafichoni akijifanya kwamba mbwa anacheza tu, mnyama huyu na michezo yake. Mbwa anaachiwa aibu ambayo bwana wake ameshindwa kuibeba.

Kwa Kiswahili tunalo neno ambalo, kwa maoni yangu, linaieleza filamu hii kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa juu yake. Neno lenyewe ni sitara. Bibi zetu hawakuomba utajiri, waliomba Mungu awasitiri. Mtu akiwa na kanga moja, kitanda kimoja na mlango unaofungika, alisema amesitirika. Na mtu aliyeishiwa kabisa hatusemi tu kwamba ana njaa. Tunasema ameadhirika, maana njaa ni kati yake na tumbo lake, lakini kuadhirika kunahitaji watu wa kutazama. Tunamwita pia maskini jeuri, yule asiyekubali kuonekana maskini, na tunalitamka kwa kumkebehi. Umberto ni maskini jeuri. Katika filamu nzima mkate haumhangaishi kama sitara inavyomhangaisha. Tai haivui. Hata pale anapomlisha mbwa chini ya meza, kwenye jiko la chakula cha bei ya chini, anatazama huku na huku kama anayeiba, ingawa chakula ni chake.

Zavattini na De Sica walilijua jambo hili kabla ya filamu hii. Vita vilipokwisha, Italia ilikuwa imebomoka. Studio kubwa za Cinecittà zilikuwa zimegeuzwa kambi ya wakimbizi. Waongozaji wakaingia mitaani, wakapiga filamu penye vifusi, wakachukua watu ambao hawajawahi kuigiza. Roberto Rossellini alitoa Roma città aperta mwaka 1945. De Sica, ambaye kabla ya vita alikuwa mwigizaji mtanashati wa vichekesho vya mapenzi, akatoa Sciuscià mwaka 1946, habari za watoto wang'arisha viatu, halafu mwaka 1948 Ladri di biciclette, ya baba aliyeibiwa baiskeli. Waitalia waliuita mtindo huu neorealismo. Sisi tuseme uhalisia mpya, japo neno lenyewe limechakaa kwa kutumiwa.

Tofauti ninayoiona ni hii. Yule wa baiskeli amekosa kitu. Unaweza kumnunulia baiskeli nyingine, filamu ikaisha. Umberto ukimpa lira 15,000 leo, mwezi ujao atadaiwa tena, na mwenye nyumba atakuwa bado anataka chumba ili apanue sebule yake. Mmeona karibu na mwisho anarudi nyumbani akitafuta pa kulala, anakuta ukuta wa chumba chake umetobolewa tundu kubwa, mafundi wameshaanza kazi. Hakuna aliyemwambia. Mtu anaishi ndani, na nyumba imeshamtoa kwenye ramani.

Mzee yule hakuwa mwigizaji. Jina lake Carlo Battisti, profesa wa isimu katika Chuo Kikuu cha Florence, na wakati ule alikuwa anakaribia miaka 70. Miaka hiyo hiyo yeye na mwenzake Giovanni Alessio walikuwa wanatoa kamusi ya asili ya maneno ya Kitaliano, majuzuu matano. Nikiwa mtu wa lugha, hili hunifurahisha kupita kiasi. Mtu aliyejua kila neno limezaliwa wapi anaigiza mtu anayekosa neno moja tu, «naomba». Mtazameni mdomo wake mbele ya yule rafiki wa zamani. Neno linafika kwenye meno, linarudi.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana filamu hii ilizusha ugomvi. Giulio Andreotti, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu mara kadhaa, wakati huo alikuwa naibu katika serikali akishughulikia mambo ya burudani. Sheria iliyopita mwaka 1949, ambayo watu waliiita kwa jina lake, iliisaidia sinema ya Kitaliano kwa fedha, lakini iliipa pia serikali nguvu ya kuzibana filamu ilizoona zinachafua jina la nchi. Umberto D. ilipotoka, Andreotti alimwandikia De Sica barua ya wazi gazetini. Alimlaumu kwamba kama ulimwengu utaamini kuwa hiyo ndiyo Italia, basi De Sica ameitendea nchi yake ubaya. Na msemo ambao Waitalia hadi leo humhusisha nao ni ule wa kwamba nguo chafu hufuliwa nyumbani.

Wapenzi wa filamu wakifika hapa humtukana Andreotti, kisha wanaendelea. Mimi hofu yake naielewa, na nadhani wengi humu mnaielewa, ila hatusemi. Nani kati yetu hajawahi kuona picha ya mtaa wake kwenye televisheni ya watu wengine, mtoto mwenye nzi usoni, akatamani kuizima? Andreotti naye alitaka sitara. Alitaka nchi ivae tai. Kosa lake, kwa macho yangu, ni kwamba aliisitiri nchi kwa kumwacha mzee uchi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nchi iliyoona haya kuwatazama wazee wake ikawaacha walale kwenye chumba kilichotobolewa ukuta.

Lakini msifikiri De Sica amesalimika kwangu. Kama Umberto anafanya kila awezalo asionekane, basi kamera inafanya nini pale Pantheon? Sisi tuliokaa humu gizani tumemwona akinyoosha mkono. Yule bwana mpita njia alidanganyika na habari ya mvua, sisi hatukudanganyika. Nimelitafakari hili miaka mingi, na jibu langu linabadilika kila ninapoitazama. Leo naona hivi: kamera haimkimbilii usoni. Haipigi muziki wa kutuamrisha tulie pale mkono unapopinduka. Inakaa mbali kidogo, kama jirani anayepita akaona, akaamua kuendelea na safari yake.

Niwape kisa cha nyumbani, ndiyo sababu hasa nilikubali kuja kuzungumza. Baba yangu alistaafu ukarani nikiwa sekondari. Mafao yake yalikawia. Ofisi siitaji, na wala haina maana sasa. Kila wiki ya kwanza ya mwezi alinyoosha shati kwa pasi ya mkaa, akafunga tai, akachukua bahasha yake ya kaki yenye barua na vivuli, akaenda kufuatilia. Faili halionekani, mzee, rudi wiki ijayo. Mhusika yuko likizo, mzee. Siku moja natoka shule nikamwona kituoni. Basi lilikuja, watu wakapanda, yeye hakupanda. Likaja la pili, hakupanda. Nikaelewa kwamba hana nauli, na nyumbani ni kilomita karibu kumi. Akageuka, macho yetu yakakutana. Mara moja akainua mkono akatazama saa, akakunja uso, kama mtu anayemngoja mwenzake aliyechelewa. Ile saa ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi wake. Nyumbani sote tulilijua hilo.

Nikapita. Nikaenda zangu kama sijamwona. Alifika nyumbani saa mbili usiku, viatu vimejaa vumbi, akasema kikao kilikuwa kirefu. Mama akamwekea maji ya kuoga.

Miaka mingi baadaye, nilipoona kiganja kinapinduliwa kule Roma, niliisimamisha filamu nikatoka nje kidogo.

Turudi ukumbini. Kuna tukio dogo ambalo watu hulisahau, nami nalipenda kuliko hata lile la reli. Umberto ametoka hospitali, Flike amepotea, anakimbilia kwa teksi mahali wanapopelekwa mbwa wazururaji, ambako wasiokombolewa huuawa kwa gesi. Anafika, dereva anataka hela yake, mzee ana noti kubwa, dereva hana chenji. Anakimbia huku na kule kuomba chenji, hakuna anayempa bure. Kwa mchuuzi anabidi anunue kitu ndipo noti ivunjwe. Ananunua glasi. Mtu asiye na mahali pa kulala ananunua glasi ya kunywea maji! Analipa teksi, anabaki nayo mkononi, anaitazama, anaitupa inapasuka. Hakuna mwongozaji wa kawaida ambaye angeacha mbwa akingojea kifo ili atuonyeshe habari ya chenji. Lakini ulizeni yeyote aliyeishi bila fedha. Umaskini hukutoza. Tajiri hanunui glasi ili apate chenji.

Na pale ndani mmemwona yule mtu mwingine, aliyeambiwa kiasi cha kumkomboa mbwa wake, akasita, akauliza itakuwaje asipomchukua. Sina la kuongeza.

Kuhusu mwisho nitasema machache, mmetoka kuuona. Mzee amejaribu kumgawa Flike, kwanza kwa watu wanaotunza mbwa kwa malipo, kisha kwa mtoto wa kike bustanini ambaye yaya wake amekataa. Anamkumbatia mbwa, anakwenda kwenye reli. Treni inakuja, mbwa anahangaika, anaponyoka, na mzee anamfuata. Wote wawili wako hai. Ila mbwa sasa anamwogopa. Mbwa aliyeshika kofia kwa ajili yake amejua alichotaka kumfanyia. Mzee anaanza kumbembeleza kwa tunda kavu la msonobari, kitu kisicholiwa. Sisi husema mkono mtupu haulambwi. Mbwa anasogea, anarudi nyuma, anasogea tena. Mwisho anakubali, wanaondoka wakicheza kati ya miti, watoto wanapita wakikimbia. Chumba hakipo, deni halijalipwa.

Watu wa Italia hawakwenda kuiona. Kwenye kumbi za kwao filamu ilianguka vibaya. De Sica aliipenda kuliko zote alizotengeneza, na aliitunukia kumbukumbu ya baba yake, ambaye naye aliitwa Umberto. Najua kidogo kwa nini mtoto angefanya hivyo.

Hapa ndipo nilikusudia kumalizia nilipoyaandaa maneno haya. Lakini mwaka uliopita mama yangu alikuja kukaa nasi, nikamwonyesha filamu hii kwenye kompyuta, nikiwa nimekaa pembeni namfasiria. Ana miaka themanini na ushee. Kabla ya kuolewa alifanya kazi za ndani mjini, jambo ambalo halizungumzi sana. Nilitegemea alie pale Pantheon. Hakulia. Alitazama tu, akasema, «Huyo ni baba yako,» basi.

Alichonyamazia ni kile kipande cha jikoni. Mnakikumbuka? Maria, mfanyakazi wa ndani wa nyumba ile, anaamka alfajiri. Msichana huyo aliigizwa na Maria Pia Casilio, binti mdogo ambaye hakuwa amewahi kuigiza. Anaburuta miguu hadi jikoni. Anawasha kiberiti kwa kukikwaruza ukutani, penye alama za viberiti vya asubuhi nyingine zote. Anafukuza sisimizi kwa maji. Anamwangalia paka anayetembea juu ya paa. Ana mimba, haijui ya yupi kati ya askari wawili, na wote wawili wanaikana. Anakaa na kinu cha kahawa mapajani, anasaga, machozi yanatoka, naye haachi kusaga. Mlango uko wazi. Ananyoosha mguu bila kuinuka, anaufunga kwa ncha ya kidole. Dakika kadhaa nzima, hakuna kinachotokea. Mhakiki Mfaransa André Bazin alikisifu kipande hiki sana, na watu wa filamu wanakifundisha vyuoni. Mimi nilizoea kukiona kama mapumziko kabla ya kurudi kwa mzee.

Mama akaniambia, «Rudisha hapo.» Nikarudisha. Akaangalia tena mguu unavyonyooka kutafuta mlango. «Ulikuwa hivyo hivyo,» akasema. «Ukikaa, husimami tena mpaka uitwe.» Hakusema zaidi, nami sikumuuliza.

Filamu ilipokwisha, mzee na mbwa wakapotelea kwenye miti, nikaanza kumweleza juu ya De Sica na baba yake, juu ya ile barua ya gazetini, mambo yote haya niliyowaeleza ninyi. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza:

«Na yule binti? Mwenye nyumba akijua, si atamfukuza?»

Nikamwambia filamu haisemi. Mara ya mwisho tulimwona dirishani alfajiri, mzee alipokuwa anaondoka kwa tramu na sanduku lake.

«Haisemi,» akarudia. Akaniomba nifunge mashine, macho yanamuuma.